Kinywa Kinachokula na Kinywa Kinachosema: Nyamirambo na Televisheni ya Vyakula na Safari

Makala haya yanahoji kwamba kasoro kuu ya televisheni ya vyakula na safari si kutia chumvi, bali ni kumpa mwenyeji kazi ya kupika na kumnyima kazi ya kufasiri. Mgeni huonja, kisha mgeni huyo huyo ndiye huwaeleza watazamaji maana ya alichokionja.

Mfano mashuhuri ni Parts Unknown, kipindi cha Anthony Bourdain katika CNN. Sehemu ya Kongo ya mwaka 2013 ilifika Goma na Kisangani, miji yenye wasemaji wengi wa Kiswahili, lakini dira yake ilikuwa Heart of Darkness ya Joseph Conrad. Hivyo mtazamaji aliingizwa Kongo kwa mlango wa Ulaya, hata pale kipindi kilipolaani ukoloni. Sehemu ya Kenya, iliyorushwa mwaka 2018 baada ya kifo cha Bourdain, ilipiga hatua: mwishoni aliuliza ni nani anayestahili kusimulia, akakiri kwamba safari hiyo msimulizi alikuwa yeye. Ukweli huo ni wa kupongezwa, ila kukiri mamlaka si kuyagawa.

Nyamirambo ni kipimo kizuri cha hoja hii. Historia ya mtaa huu wa Kigali imefungamana na Waislamu wasemaji wa Kiswahili waliofika katika nyakati za ukoloni. Mezani pake, sambusa, chapati na pilau hukumbusha njia za biashara za pwani na Bahari ya Hindi. Mishikaki huitwa brochette, kwa Kifaransa. Agatogo ya ndizi hubeba jina la Kinyarwanda. Kamera inayosaka chakula "halisi" itauona mchanganyiko huu kuwa dosari, na inayosaka rangi itaishia kwenye pilikapilika za barabarani. Zote mbili zitapitwa na historia iliyomo katika majina.

Huenda ikajibiwa kwamba muda wa kipindi ni mfupi na mtazamaji wa mbali huhitaji mwenyeji wake mwenyewe wa kumwongoza. Hata hivyo, wanawake wa Nyamirambo Women's Center, iliyoanzishwa mwaka 2007, huwatembeza wageni mtaani na kuwaeleza maisha yake wao wenyewe. Uwezo wa kufasiri upo. Kinachokosekana ni nafasi.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Urasmi huo utakuwa na uzito mdogo iwapo kwenye skrini lugha hii itabaki kelele za sokoni. Mamlaka zinazotoa vibali vya kupiga picha zinaweza kudai mambo matatu: sauti ya mwenyeji isikike kwa lugha yake, pamoja na tafsiri ya maandishi, majina ya vyakula yasibadilishwe, na mkalimani atajwe miongoni mwa watayarishaji. Masharti haya hayamzuii mgeni kuonja. Yanamtaka asikilize pia.