Led Zeppelin na Jasho la Watunzi wa Bluzi

Wapo wanaodai kwamba muziki wa roki ni kelele tu, haustahili kuchambuliwa. Hatukubaliani nao. Bendi iliyovunjika mwaka 1980, baada ya kifo cha mpiga ngoma wake John Bonham, na ambayo mpaka leo inaigwa na wapiga gitaa, yapasa kuulizwa swali lile lile tunaloliuliza juu ya uzalishaji wowote: nani alifanya kazi, na nani alimiliki matunda yake?

Led Zeppelin iliundwa London mwaka 1968 na mpiga gitaa Jimmy Page. Ustadi wao si wa kubezwa. Katika wimbo wa "When the Levee Breaks", uliotoka mwaka 1971, ngoma za Bonham ziliwekwa chini ya ngazi za nyumba kuukuu na vinasa sauti vikatundikwa juu. Mlio ule ulichukuliwa na Beastie Boys mwaka 1986. Lakini wimbo wenyewe ulirekodiwa mwaka 1929 na Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, ukieleza mafuriko ya Mto Mississippi ya mwaka 1927 yaliyowang'oa wakulima weusi makwao. Hapo angalau jina la Memphis Minnie liliandikwa.

"Whole Lotta Love" ya mwaka 1969 haikuwa hivyo. Sehemu ya maneno yake ilichotwa kwa Willie Dixon, mtunzi wa Chicago, ambaye wimbo wake ulirekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Jina lake halikutajwa. Alifungua kesi mwaka 1985, ikamalizwa kwa maelewano mwaka 1987, na sasa anatajwa.

Watetezi husema bluzi ni mali ya jadi, kila mpigaji alichota kwa mwenzake. Ni kweli. Lakini maskini kuazimana wimbo si sawa na kuufungia katika hakimiliki na kuuza santuri kwa mamilioni. Tena hawa hawakuwa wajinga wa thamani ya jasho: meneja wao, Peter Grant, aliwabana waandaaji wa maonyesho hadi bendi ikapata asilimia 90 ya viingilio! Haki waliyoipigania mlangoni haikumfikia mtunzi.

Dixon, kabla ya kufa mwaka 1992, alianzisha Blues Heaven Foundation, kuwasaidia wanamuziki wenzake kudai mirabaha yao.