Kompyuta ya Mezani kwa Nyumba ya Kalobeyei

Msomaji, huenda ukastaajabu kukuta katika kitabu cha insha uhakiki wa kompyuta. Umezoea kumwona mhakiki akichukua shairi au hadithi, akaipima, akasema hapa mtungaji amefaulu na hapa amekosa. Lakini kompyuta nayo ni kazi iliyotungwa na watu wenye nia fulani, kwa ajili ya mahali fulani, na aghalabu mahali hapo si hapa petu. Yafaa basi ihakikiwe kama kitabu kihakikiwavyo, tena kwa ukali zaidi. Maana kitabu kibaya humpotezea mtu siku mbili, bali kompyuta mbaya huweza kula akiba ya mwaka mzima.

Mahali nilipopachagua pa kupimia ni Kalobeyei, katika Turkana Magharibi, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 umbali wa kilometa chache kutoka kambi ya Kakuma, ili wakimbizi na wenyeji watumie shule, zahanati na masoko kwa pamoja. Nimepachagua kwa sababu hapo fedha ni chache, na hapo jua na vumbi havimwonei haya mtu wala mashine. Kompyuta itakayofaulu Kalobeyei itafaulu Lodwar, na Nairobi pia. Iliyofaulu Nairobi haijatoa ahadi yoyote kwa Kalobeyei.

Tuseme katika nyumba moja ya huko mama ana kibanda cha kuuza unga, sukari na sabuni. Mwanawe wa kiume amemaliza shule, na binti yake yuko kidato cha tatu. Wana simu moja ya kisasa, nayo imo mfukoni mwa kijana. Wameweka akiba kidogo kidogo, na sasa wanashauriana kama wanunue kompyuta. Jirani atawaambia kwamba huo ni upuuzi, kwa kuwa simu hufanya kila kitu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: simu imetenda makubwa hapa. Kalobeyei ilipoanza, watu walipokea thamani ya chakula chao kwa simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula, wakajinunulia dukani walichokitaka. Simu hupeleka fedha, huleta habari, hutunza picha. Lakini mwambie mtu aandike kwa simu insha ya kurasa sita, au apange hesabu za madeni ya wateja thelathini, au ajaze fomu ndefu ya kuomba nafasi ya chuo. Utaona kidole gumba kikichoka kabla ya akili. Ndiyo maana vijana huenda saiba, wakalipa kwa dakika na kwa ukurasa.

Tena liko jambo zito kuliko uchovu wa kidole. Simu ni mali ya mtu, kompyuta ya mezani ni mali ya nyumba. Kijana akitoka asubuhi na simu yake, dada yake hubaki na daftari tu. Akiomba kuitumia jioni, huomba kama aombaye fadhila, na fadhila hukatizwa mara simu inapolia. Kompyuta iliyo juu ya meza haina mfuko wa kuingia. Mama aweza kuandika hesabu zake saa kumi na mbili ya asubuhi, binti akaandika saa mbili ya usiku, na kijana akapata saa zake kati ya hizo. Sisemi kwamba meza huleta haki yenyewe. Nimeona nyumba ambamo kaka mkubwa aliigeuza kompyuta ya wote kuwa kiti chake cha enzi. Lakini pale angalau dhuluma ilionekana, na mzazi aliweza kuikemea. Kwa sababu hiyo naitetea kompyuta ya mezani, ingawa mtindo wa siku hizi wamwelekeza kila mtu kwenye simu na kompyuta za mapajani.

Sasa tuingie dukani. Karatasi ya bei ya muuzaji husifu kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na upana wa diski. Ni sifa za kweli, lakini ni sifa za bwana harusi zisemwazo na mshenga: yaliyo muhimu kwa maisha ya baadaye hayamo. Haisemi mashine hula umeme kiasi gani. Haisemi yavumilia joto gani. Haisemi kama kiwambo chake, yaani skrini, ni cha kununuliwa mbali. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kununua kisanduku kizuri kwa bei nzuri, akafika nacho nyumbani, akagundua kwamba tundu la kisanduku na waya wa kiwambo chake cha zamani havijuani kabisa. Kiwambo kilikuwa cha VGA, kisanduku kilikuwa cha aina mpya. Na kipande cha kuviunganisha, kilichokuwa kikiuzwa mtaa huo huo nilikonunua, sasa kilikuwa umbali wa safari ya siku nzima.

Tuanze na joto. Watengenezaji wa kompyuta ndogo za ofisini huandika katika vitabu vyao vya maelezo kwamba mashine itumiwe mahali pasipozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Wastani wa joto la juu la mchana huko Lodwar ni kama nyuzi 35 hizo hizo, na chini ya paa la mabati huzidi. Yaani pale kitabu cha maelezo kinapokomea, ndipo mchana wetu unapoanzia. Jambo hili limekwisha kufahamika Turkana kwenyewe. Huko Loropio, kando ya Ziwa Turkana, shirika la Learning Lions, linalowafundisha vijana kazi za kompyuta, lilijengewa chuo kilichokamilika mwaka 2021. Mchoraji wake, Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Pritzker, alitazama vichuguu vya mchwa, akainua minara mirefu itoayo hewa ya moto juu na kuacha hewa baridi iingie kwa chini, ili watu wapate nafuu na mashine zisichemke wala zisijae vumbi. Mwenye nyumba ya mabati hana minara, lakini somo laweza kuhamishwa: kisanduku kikae juu, mbali na sakafu ya vumbi, kisibanwe ukutani, kifanye kazi alfajiri na usiku, na mchana kilale. Kitambaa cha kufunika ni kizuri mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka, kitambaa hicho ni blanketi kwa mgonjwa wa homa.

Umeme ndio mtihani mkubwa kuliko yote, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu. Baadhi ya watu wa Kalobeyei hupata umeme wa gridi ndogo za jua, wengine wana paneli zao wenyewe, wengine hununua kwa mwenye jenereta. Kwa wote hao kila wati ina bei. Chukua kompyuta ya kizamani yenye sanduku refu, na kiwambo kinene cha kioo ambacho watu hugawa bure ofisini: sanduku hula kama wati 70 likiwa katika kazi nyepesi, kiwambo kama 70 nyingine. Kwa saa nne ni saa-wati 560. Sasa chukua kisanduku kidogo kinachokula wati 12 katika kuandika na kusoma, na kiwambo chembamba cha wati 18: kwa saa nne ni saa-wati 120, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, ni kama 140. Paneli ya wati 100, kwa jua zuri la Turkana, yaweza kuleta kama saa-wati 350 kwa siku. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 hushika 600, lakini ukiikamua kupita nusu waiua upesi. Hesabu basi 300. Kisanduku kidogo huacha akiba ya taa na simu za nyumba nzima. Mashine ya bure humaliza betri kabla binti hajamaliza kazi yake, na kesho yake paneli haiwezi kulipa deni. Waona basi, msomaji, kwamba zawadi hiyo yamtaka mpokeaji anunue paneli ya pili na betri ya pili, na huenda hizo zikazidi bei ya kisanduku.

Vimebaki vitu vitatu vya kuchagua. Kompyuta ya mapajani ina betri yake ndani, na umeme ukikatika haifi ghafula. Sifa hiyo sitaipunguza hata kidogo. Walakini betri hiyo ndiyo iharibiwayo kwanza na joto, na ile ya mitumba mara nyingi huja imekwisha kuzeeka. Kioo kikivunjika au kibodi ikiingia chai, mashine nzima imelemaa. Ya mezani, kibodi ikifa, hununuliwa kibodi.

Cha pili ni Raspberry Pi, kompyuta ya Uingereza iliyotolewa kwa mara ya kwanza Februari 2012 kwa dola 35, na ambayo mwaka 2020 ilitoka katika umbo la kibodi, kwa jina la Raspberry Pi 400, kwa dola 70. Hii hula umeme mdogo mno, na haina feni ya kuvuta vumbi ndani. Kwa mwanafunzi atakaye kujua kompyuta hufanyaje kazi, hakuna mwalimu mzuri zaidi. Kwa nyumba ya mwenye duka nina shaka nayo: huhifadhi kazi zake katika kadi ndogo kama ya simu, na kadi hiyo yaweza kuharibika umeme unapokatika wakati wa kuandika. Hapa umeme hukatika.

Cha tatu ndicho nikipendacho: kisanduku cha mitumba kutoka ofisi za Ulaya, kama vile Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny, ambavyo huuzwa Nairobi. Kina ukubwa wa kitabu kinene, uzito wa kilo moja na kidogo, na kifuniko kinachofunguka kwa skrubu moja au mbili, ili vumbi lipulizwe na kumbukumbu iongezwe. Tafuta prosesa ambayo namba yake huishia kwa herufi T, maana hizo zilitengenezwa kwa matumizi madogo ya umeme. Tafuta diski ya SSD, isiyo na sehemu za kuzunguka; ile ya kuzunguka haipendi barabara mbovu wala umeme wa kushtukiza.

Hapa wauzaji hunyamaza jambo moja. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 huzikataa prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Ndiyo maana visanduku vya kabla ya mwaka 2018 vimeshuka bei. Mashine hizo si mbovu. Zimekataliwa na programu tu. Ukiweka Linux, ambayo hailipiwi, kisanduku cha kizazi cha sita huandika barua na kupanga hesabu vizuri kama jana. Wala usidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia na kuhesabia yenye amri zake zote kwa Kiswahili. Na kwa kuwa intaneti ni ghali, weka ndani ya diski Kiwix, ambayo hubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili isomwe bila mtandao.

Nikikisifu kisanduku hiki sharti niseme na kosa lake. Adapta yake ni ya volti 19 au 20, kwa hiyo hakiunganiki na betri ya volti 12 bila inveta au kifaa cha kupandishia volti. Viko visanduku vipya vya prosesa ya N100, vilivyoanza kuonekana mwaka 2023, ambavyo vingi hutumia volti 12. Lakini hata hivyo usivichomeke moja kwa moja, maana betri ya jua hupanda hadi volti 14 inapojaa. Kosa lingine ni kwamba umeme ukizimika nacho huzima palepale, na aya ambayo haikuhifadhiwa imekwenda. Nyumba yenye betri imeponyoka kosa hilo. Nyumba inayotegemea jenereta ya mtu haikuponyoka.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na akiwashe kisanduku dukani kwa nusu saa nzima, asikilize feni, aguse ubavu wake, aangalie kama adapta ni ile ile ya mashine, na aunganishe kiwambo atakachosafiri nacho, si cha muuzaji. Safari ya kurudi Kakuma ni ya zaidi ya kilometa 700. Na kama akiba haitoshi kompyuta na umeme kwa pamoja, ningemshauri mama yule anunue paneli na betri kwanza. Taa itawaka usiku huo huo, binti atasoma daftari lake, na kisanduku kitamngoja Nairobi hadi msimu ujao, huenda bei yake ikiwa imeshuka tena.