Pafu la Rangi na Bahasha ya Eksirei

Bila shaka umeziona: pafu la mtoto kwenye skrini, mishipa myekundu na ya bluu, linazungushwa kama chungwa. Sisi tunaoandika sayansi tumezishangilia mno picha hizi. Leo tuzikosoe kidogo, tukiziangalia kutoka Newala na Masasi.

Sifa moja wanastahili. Kuna kasoro ya kuzaliwa ambapo kipande cha pafu hujitenga, hakiungani na njia za hewa kama kawaida, na damu yake hutoka moja kwa moja kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili. Wakati mwingine mshipa unaokilisha huanzia tumboni na kupanda kupitia kiwambo. Daktari akiukata bila kujua, unaweza kurudi chini ya kiwambo huku ukimwaga damu kwa presha ya aota, na kuukamata tena si mchezo. CT scan yenye dawa ya kuonyesha mishipa humwambia mapema: uko hapa, tena ni miwili. Hapo sina ubishi.

Sasa shida. Pafu la rangi limetengenezwa na kompyuta kutokana na vipande vilevile vya kijivu vya CT. Linasaidia kufundishia na kumweleza mzazi, sawa, ila halina taarifa mpya. Tena kompyuta ikipangwa vibaya, au mtoto akihema sana wakati wa kipimo, mshipa mwembamba unaweza kupotea kabisa. Nani huandika hilo chini ya video?

Na simulizi zetu huanzia kwenye CT. Mtoto wa Newala haanzii huko. Yeye anaanza na nimonia inayopona na kurudi, halafu eksirei, labda pale Ndanda. Hii picha ya kawaida tunaidharau bure. Sehemu ya pafu iliyovimba kwa hewa tangu kuzaliwa huonekana nyeusi, ikafanana na hewa iliyovuja nje ya pafu. Mtoto akiwekewa mpira wa kutoa hewa, pafu zima linaweza kutobolewa. Kinachotofautisha ni mistari hafifu ya mishipa ndani ya ule weusi. Jicho tu, bwana, na taa nzuri. Na ukiweka eksirei ya leo kando ya ile ya mwaka jana, ukakuta doa liko palepale, hiyo si nimonia ya kawaida tena. Kwa hiyo bahasha ya zamani isitupwe.

CT yenyewe ni safari ya kuteremka Mtwara, upasuaji mara nyingi Muhimbili, na nauli kwa wengi inasubiri korosho. Mionzi nayo haimfai mtoto kurudiarudia. Hivyo kipimo kifanywe mara moja, kwa dawa ya mishipa, kikishuka hadi juu ya tumbo, na mzazi aondoke na CD yenye vipande vyote, siyo picha moja iliyopigwa kwa simu kwenye skrini ikatumwa WhatsApp.