Kisa cha Ndugu Watatu: Je, Mja Anaweza Kumpima Mola Wake kwa Mizani Yake?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Wanafunzi wengi wa elimu ya itikadi wanakijua kisa cha ndugu watatu. Kinasimuliwa hivi: Abul-Hasan al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake, Abu Ali al-Jubbai, kiongozi wa Muutazila wa Basra, juu ya ndugu watatu waliofariki. Mmoja alikuwa mcha Mungu, wa pili kafiri, wa tatu mtoto mdogo. Al-Jubbai akajibu kuwa wa kwanza yumo katika daraja za juu, wa pili yumo adhabuni, na mtoto amesalimika lakini hana daraja ya yule wa kwanza. Je, mtoto akisema, "Mola wangu, ungeniacha niishi nami nikutii"? Al-Jubbai akasema ataambiwa kuwa Allah alijua angekua angeasi, hivyo kufa mapema ndiko kulikokuwa bora kwake. Hapo al-Ash'ari akauliza: na yule kafiri akilalamika kwamba naye hakufishwa utotoni? Al-Jubbai akakosa jibu.

Kisa hiki kimekuwa kikitajwa kama hoja ya kumaliza mjadala. Sisi tunaona kinastahiki kuchunguzwa upya, kwa upande wa historia na kwa upande wa yale yanayojengwa juu yake.

Upande wa historia

Al-Jubbai alifariki mwaka 303 Hijria, na al-Ash'ari mwaka 324. Hakuna shaka kwamba walikuwa mwalimu na mwanafunzi, wala kwamba al-Ash'ari aliiacha madhehebu ya Muutazila. Lakini habari za mjadala huu kwa majina yao zimetangaa katika vitabu vya karne za baadaye. Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 681, ameutaja katika wasifu wa al-Jubbai. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505, ameileta hoja ya hao watatu katika al-Iqtisad fil-I'tiqad kama hoja tu dhidi ya Muutazila, bila kuifanya mazungumzo baina ya wawili hao.

Lipo jambo jingine. Kauli kwamba ni wajibu kwa Allah kumfanyia mja lililo bora zaidi (al-aslah) katika mambo yote, ya dini na ya dunia, ilikuwa mashuhuri kwa Muutazila wa Baghdad. Watu wa Basra, ambao al-Jubbai alikuwa mkubwa wao, waliihusisha na mambo ya dini na taklifu. Kwa hiyo mzee huyu anatwishwa kauli pana kuliko aliyoisema, kisha anashindwa kuitetea. Hatusemi kwamba hoja yenyewe ni dhaifu. Tunasema kwamba mwanafunzi asiihukumu madhehebu nzima kwa kisa kimoja ambacho mshindi wake ndiye anayekisimulia.

Uadilifu pia unatutaka tukumbuke kwamba Muutazila hawakukusudia kumtweza Allah. Walijiita watu wa uadilifu na tauhidi, na hofu yao ilikuwa asinasibishwe Mola na dhulma. Qadhi Abdul-Jabbar, aliyefariki mwaka 415, alifundisha kwamba hata maumivu ya mtoto mchanga yana fidia yake kwa Allah. Kosa lao ni kuyageuza matarajio ya mja kuwa deni juu ya Mola.

Kinachothibitishwa na kisa, na kisichothibitishwa

Hapa ndipo penye uzito. Kisa kinabomoa dai moja: kwamba sisi tunaweza kukaa, tukahesabu lililo bora kwa kila mja, kisha tukasema Allah amelazimika kulitenda. Dai hilo halisimami, kwani anayehesabu hajui mwanzo wala mwisho wa mambo. Suratul Anbiyaa (21:23) inaeleza kwamba Yeye haulizwi kwa ayatendayo, bali wao ndio watakaoulizwa.

Lakini wako waliokivusha kisa hiki mpaka wao. Wanasema: basi hakuna jema wala baya linalojulikana kwa akili, na dhulma kwa Allah haifikiriki kabisa, kwa kuwa dhulma ni kutumia mali ya mwingine bila ruhusa na vyote ni milki Yake. Hoja hii ina nguvu katika kumnyamazisha mbishi. Hata hivyo inaacha swali zito. Katika hadithi qudsi ya Abu Dharr iliyopokewa na Muslim, Allah anaeleza kwamba amejiharamishia dhulma. Kama dhulma haiwezekani Kwake kwa maana yoyote, ni nini alichojiharamishia, na sifa iko wapi? Ndiyo maana Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728) na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim (751) walieleza kwamba dhulma ni kuweka kitu pasipo mahali pake; Allah ni muweza wa kila kitu, lakini halifanyi hilo kwa ukamilifu wa uadilifu na hikma Yake. Kabla yao, Abu Mansur al-Maturidi wa Samarkand (333) alikwisha kutilia mkazo hikma katika matendo ya Mola.

Qur'ani yenyewe inaihutubia akili ya mja. Suratul Qalam (68:35) inauliza kwa kukanusha kama Waislamu watafanywa sawa na wahalifu. Suratul A'raf (7:28) inawajibu waliosingizia machafu yao kuwa ni amri ya Allah, kwa kueleza kwamba Yeye haamrishi machafu. Lau msikilizaji asingejua chochote kuhusu uchafu na usawa, jibu hilo lisingekuwa hoja juu yake.

Na katika fiqh, al-Izz ibn Abdis-Salam, Shafi mashuhuri na mfuasi wa al-Ash'ari aliyefariki mwaka 660, ameandika katika Qawaid al-Ahkam kwamba maslahi mengi ya dunia na madhara yake yanajulikana kwa akili. Ambaye hajui lolote juu ya maslahi atafanyaje qiyasi?

Musa na Khidhr

Maswali haya mawili, la akili kujua jema na baya na la mja kumhukumu Mola wake, yametengwa vizuri na kisa kilichomo katika Suratul Kahf. Nabii Musa (a.s.) aliona mtoto akiuawa, akakataa. Hakukosea kwa kuchukia kuuawa asiye na hatia; hiyo ndiyo sharia. Kilichomkosa ni ile elimu ambayo Khidhr alipewa na Mola wake.

Mafunzo yake yanaonekana katika jibu la Ibn Abbas kwa Najda, kiongozi wa Khawarij, alipoandikiwa kuulizwa kuhusu kuua watoto vitani. Kwa mujibu wa Sahih Muslim, alijibu kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwaua watoto, nawe usiwaue, isipokuwa uwe unajua alichokijua Khidhr kuhusu yule mtoto. Tazama upana wa fiqh hii. Kutojua hikma ya Allah hakukumpa Najda ruhusa ya kumhukumu Mola, wala hakukumpa ruhusa ya kufanya ukatili kwa jina Lake. Wote wawili, anayemshitaki Allah kwa kifo cha mtoto na anayeua mtoto kwa kudai hikma iliyofichika, wamejipa elimu wasiyokuwa nayo.

Nasaha kwa maimamu

Jambo hili haliishii darasani. Mama aliyezika mtoto akiuliza "kwa nini mimi?", si Muutazila wa kushindwa kwa hoja. Kumwambia kwamba mtoto wake angekua angekuwa muovu ni kudai elimu ya ghaibu, na ni jibu lile lile lililomkwamisha al-Jubbai katika kisa. Na kumkaripia kwamba Allah haulizwi, kana kwamba kulia kwake ni uasi, ni kuiweka aya pasipo mahali pake. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akasema kwamba jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hasemi ila linalomridhisha Mola wake. Huo ndio mpaka: huzuni ipo, swali lipo, hukumu haipo.

Mja amepewa mizani ili aadilishe baina yake na waja wenzake, na ili amjue Mola wake kwa rehema aliyojiandikia Mwenyewe (6:54). Hakupewa ili aketi juu ya kiti cha kadhi na kumwita Mola wake ajibu mashitaka. Anayeivunja mizani hiyo kwa kusema hakuna jema wala baya, naye amepoteza amana.

Tunamuomba Allah atujaalie adabu Naye na huruma kwa waja Wake. Wallahu a'lam.