Usiache Mbachao: Hukumu juu ya Kibodi za Kale

Msomaji, ukipita siku ya Jumamosi katika mitaa ya Eastlands, tangu Kaloleni na Makongeni hata Buruburu, Umoja na Kayole, hutakosa kuona duka dogo lenye kompyuta chache, ambalo wenyeji huliita saiba. Ndani yake mama anaomba cheti kwa eCitizen, kijana anajaza hesabu zake za kodi, na mzee anaandikiwa barua ya kumwombea mwanawe nafasi ya shule. Tazama vizuri kibodi iliyo mbele ya mwenye duka. Herufi A na E zimefutika; rangi yake iliyokuwa nyeupe imegeuka manjano; na waya wake unaishia katika kichwa cha mviringo, si kile cha bapa ulichokizoea. Huenda ukacheka. Nakusihi usicheke kabla ya kufikiri, maana kifaa hicho kinalisha nyumba ya mtu.

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazohusu jambo hili. Ya kwanza yasema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ya pili yasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Angalia kwamba methali hii ya pili haidai kuwa mkeka mkuukuu ni bora kuliko msala. Yasema tu kwamba mbacha ni wako, na msala unapita. Hoja yake ni milki, wala si uzuri. Kwa mizani hiyo na tupime vyombo vya kale.

Tuanze na kibodi yenyewe. Mwaka 1868, huko Marekani, Christopher Latham Sholes na wenzake walipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ya kupigia chapa, na mwaka 1874 mashine hiyo ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington. Mpangilio wa herufi uliozaliwa katika miaka ile ndio, kwa mabadiliko machache, ulio mbele yako leo. Kwa hiyo aliyejifunza kupiga chapa kwa vidole vyote juu ya mashine ya chuma hana ujuzi uliopotea. Vidole vyake vyajua njia hata juu ya kompyuta iliyotoka kiwandani jana.

Lugha yetu nayo imebahatika. Kiswahili sanifu hakina haja ya Q wala X, na hakihitaji herufi yoyote ambayo Mwingereza hanayo. King'ong'o cha ng'ombe chatosheka na alama ndogo ya ritifaa. Mwandishi wa Kikuyu, ambaye lugha yake hutaka ĩ na ũ, hana budi kutafuta hila katika kibodi hiyo hiyo. Lakini insha nzima ya Kiswahili yaweza kupigwa juu ya kibodi iliyotengenezwa kwa ajili ya karani wa London, isipungukiwe na herufi hata moja. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, basi, kibodi kuukuu haina upungufu wowote wa herufi.

Sasa tugeukie matundu ya kuunganishia. Tundu la mviringo lenye pini sita huitwa PS/2, nalo lilitokea mwaka 1987 pamoja na kompyuta za kampuni ya IBM zenye jina hilo. Katika kompyuta nyingi lina rangi: zambarau kwa kibodi, kijani kwa kipanya. Tundu la bapa la USB lilikuja mwaka 1996, likachukua kazi nyingi kwa pamoja. Tofauti yao yafaa kueleweka. Kibodi ya PS/2, ukibonyeza herufi, yenyewe hupeleka habari na kuikatiza kompyuta kazi yake ili isikilizwe. Kibodi ya USB hungoja kuulizwa, na kompyuta huiuliza mara nyingi sana kila sekunde. Kwa mwandishi wa kawaida tofauti hiyo haihisiki, na anayejisifia mwendo wa PS/2 anatia chumvi.

Manufaa yake ya kweli ni mengine. Tundu la mviringo halibebi mafaili. Mwenye saiba, au mwalimu wa chumba cha kompyuta, akichoshwa na virusi vinavyoletwa kwa flashi za wateja na wanafunzi, aweza kuyafunga matundu yote ya USB, na kazi ya kuandika ikaendelea kama kawaida. Na asipotaka kuyafunga, bado amebakiwa na nafasi za printa na vinginevyo, kwa kuwa kibodi na kipanya vina makao yao.

Hali kadhalika tundu la VGA la mwaka 1987, lenye pini kumi na tano katika safu tatu. Picha yake si safi kama ya waya mpya, hasa juu ya skrini kubwa. Lakini shule iliyo na projekta ya kale na skrini za mitumba haihitaji kununua chochote ili darasa lione somo. Na skrubu zake mbili huushika waya imara hata mwanafunzi akijikwaa. Tundu la pini tisa, linalofuata kanuni iliyotolewa mwaka 1960, bado latumika katika mizani, mashine za risiti na vyombo vya viwandani. Mashine nzima isitupwe kwa sababu tundu lake ni la zamani.

Liko pia jambo la ufundi. Kibodi nyingi za kale zafunguka kwa skrubu. Ndani yake mna karatasi za plastiki zenye njia za umeme, na vifuniko vya mpira chini ya herufi. Chai ikimwagika, fundi huichomoa, huifungua, huiosha, huikausha kivulini, kisha huirudisha kazini. Katika kompyuta nyingi nyembamba za leo kibodi imebanwa pamoja na bamba zima la juu. Herufi moja ikifa, huenda ukalipia bamba zima. Kijana wa Kariobangi aliyefungua kibodi kumi amehudhuria darasa ambalo kifaa kilichofungwa kwa gundi hakiwezi kumpa.

Hata hivyo mapenzi yasitupofushe. Kichwa cha PS/2 hakifai kuchomekwa kompyuta ikiwa imewashwa, maana chaweza kuharibu bao la ndani, na pini zake hupinda upesi. Skrini za kale zenye matumbo makubwa hula umeme mwingi, na kioo chake kina risasi. Waya zikichomwa jalalani ili kupata shaba, moshi wake ni sumu, na watu wa Dandora hawahitaji kuongezewa moshi. Kwa hiyo kupokea kila kilichotupwa ng'ambo, eti ni msaada, ni kujigeuza jaa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya usimamizi endelevu wa taka imewatwika watengenezaji na waingizaji wa bidhaa wajibu wa taka zao, na wajibu huo ni wa haki.

Tena tusichanganye chombo na programu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta isiyopata masahihisho ya usalama, nayo iko katika intaneti na hubeba nywila za watu, ni hatari; haina budi kuwekewa mfumo unaotunzwa, kama Linux, au kutengwa na intaneti. Lakini kibodi kuukuu iliyochomekwa katika kompyuta mpya haidhuru mtu. Programu huzeeka kwa namna moja, na chuma kwa namna nyingine.

Basi, msomaji, hukumu yangu ni hii. Kifaa cha kale kinastahili nafasi ikiwa kinatenda kazi yake, kinatengenezeka hapa kwetu, na hakimdhuru anayekitumia wala jirani yake. Kikikosa sharti moja, na kiende kwa wanaojua kukivunja kwa usalama. Kikitimiza yote matatu, usikionee haya. Siku shule yenu itakapotaka kutupa shehena ya kibodi za manjano, omba kwanza ruhusa ya kuzijaribu moja moja. Huenda nusu yake bado zaandika, na mwanafunzi asiye na kompyuta nyumbani akapata mahali pa kuweka vidole vyake.