Kamba Isiseme Kabla ya Mdomo

Ng'ombe wangu wa kwanza nilimnunua kwa pesa za karafuu, nikampeleka kwa ami yangu Kengeja ili amfunze gari. Nilidhani namwacha pale kama mtu anavyoacha kitambaa kwa fundi cherehani, nirudi baada ya mwezi nimkute tayari. Ami akaniuliza, "Kwani gari ataliendesha nani?" Nikasema, mie. "Basi njoo nawe kila alfajiri."

Siku za mwanzo gari hatukuligusa. Nilimkatia majani, nikampeleka majini, nikamkuna chini ya shingo pale ngozi inaponing'inia, na nikaamriwa ninyamaze. Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Ami alitangulia na kamba imelegea mkononi, akitamka neno moja na kusimama papo hapo. Ng'ombe akisimama naye, kamba ilibaki legevu. Akipitiliza, ilikaza yenyewe, bila kuvutwa. "Kamba isiseme kabla ya mdomo," aliniambia. Likaja gogo la mnazi la kuburuta, kisha tukamfunga kando ya gari tupu likipita na makelele yake yote, azoee, kabla hajaingizwa baina ya miti miwili ya gari.

Niliposhika kamba mwenyewe nilipiga kelele ya kusimamisha mara tatu, kwa sauti tatu, huku navuta. Tukaingia kwenye muhogo wa watu. Mwenye shamba alitoka na kutusimamisha hapo muda mrefu, akitusomea mie na ng'ombe wangu pamoja. Ami hakunigombeza. "Kakusikia yote matatu," alisema. "Wewe mwambie moja."

Chuoni tulisoma mlango wa kuwinda, nami sikuuelewa mpaka mwaka ule. Kwetu mbwa haingizwi ndani. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inamheshimu mbwa aliyefunzwa hata windo aliloliua likawa halali, ilhali windo lililouawa na mwenziwe asiyefunzwa ni mzoga tu. Mafakihi wa Kishafii waliweka masharti: akitumwa aende, akikatazwa aache, akikamata asile, na hayo yajirudie mpaka ijulikane kuwa ni mafunzo, si bahati. Ukoo wa mbwa hawakuuliza. Ukiyatazama vizuri, nusu ya masharti hayo ni ya mwenye mbwa: kutuma na kukataza vyataka mtu ambaye neno lake leo ndilo la jana.

Ndiyo maana nikiwaona jamaa wa Dar es Salaam wananunua kitoto cha mbwa cha ulinzi, wanakifunga chini ya mwembe, kisha wanalalamika kwamba hakisikii, huwa nataka kuwauliza swali la ami. Wapo wanaolipa mwalimu aje amfunze mbwa nao wakae ndani na chai. Mbwa atamtii mwalimu, na mwalimu ataondoka na utii wake. Hata pale Morogoro, shirika la APOPO linakofunza panya kunusa mabomu ya ardhini, somo la kwanza la kipanya ni kumzoea binadamu. Harufu huja baadaye.

Kengeja ina jina kwa mchezo wa ng'ombe. Fahali huchokozwa, hauawi, na watu hujaa kuona hasira yake. Nami huenda, na hushangilia. Ila sijaona watu wakijaa kumtazama maksai akirudisha nyuma gari la mchanga baina ya minazi miwili, mtelemkoni, kwa mluzi mmoja, kamba ikiwa imelala mgongoni.

Wangu alifika huko, ingawa kwa taratibu zaidi kuliko wa ami. Tena kila tukipita penye ule muhogo husimama mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akangoja kama anayesubiri kusomewa. Lazima nishuke, nitembee mbele yake hatua chache, ndipo anifuate. Ami akiona hucheka mpaka akakohoa.