Heko, Wakaanga Sambusa wa Isiolo

Nairobi wengi husema samosa. Isiolo, kama pwani, ni sambusa, na Wasomali huiita sambuus. Jina limetoka mbali: Waajemi wa kale walisema sanbosag, Waarabu wakasema sambusak. Katika mji huu, ambako Waingereza waliwapa makazi askari wa Kisomali baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, halihitaji kufafanuliwa.

Nawapa heko akina mama wanaosukuma manda nyembamba kama karatasi, wakazikunja pembetatu na kuziziba kwa uji wa unga zisinywe mafuta karaini. Hapo ndipo penye ufundi. Kukaanga nyama na vitunguu ni kazi nyepesi. Msafiri unayepita hapa kwenda Marsabit au Moyale, wakati wa Ramadhani nunua mapema, kabla ya magharibi, saa ya kufuturu.